Tope la Kwa Mama

Mama yangu aliapa hadharani, mbele ya wanawake wote wa kijiji chake, kwamba hatakanyaga nyumbani kwangu wala hataonja kahawa yangu mpaka siku atakapoweza kuchota maji ya mto Danshe na kuyanywa. Aliapa akiwa ameishika ile fimbo aliyopewa siku ya ndoa yake. Huku kwetu Sidama, mwanamke akiapa na fimbo hiyo mkononi, hata wanaume wenye sauti kubwa hunyamaza. Na mimi namjua mama yangu. Akisema hapana ni hapana mpaka kaburini, na hilo la kaburini ndilo lililoninyima usingizi, maana alikuwa anazeeka.

Kisa chenyewe ni kahawa. Mimi ni msimamizi wa kiwanda cha kumenya kahawa cha ushirika wetu, huku juu mlimani. Kijiji nilikozaliwa kiko chini, mto unakoteremkia. Msimu ukifika, watu wanaleta kahawa mbivu, mashine inamenya, punje zinalowekwa mpaka ute unaachia, kisha zinaoshwa. Maji ya kuoshea, pamoja na maganda na ute wote huo, yalikuwa yanapita mferejini moja kwa moja hadi mtoni. Sikuuchimba mimi huo mfereji, niliukuta. Lakini aliyekuwa na ufunguo wa kiwanda alikuwa mimi, kwa hiyo mama hakuhangaika kumtafuta mtu mwingine wa kumlaumu.

Na alikuwa na haki. Mto uligeuka rangi ya chai iliyochacha. Ulinuka siki, halafu ulinuka yai bovu, halafu ulinuka vitu ambavyo havina jina. Ng'ombe wa kule chini walipelekwa mtoni wakageuza vichwa. Watoto walioga wakarudi wanajikuna. Sisi wa juu tunakunywa maji ya chemchemi, basi tulikuwa tunaziba pua na kusema msimu umekuwa mzuri.

Nilipojifungua binti yangu Meselech ndipo nilipoonja uchungu wa kile kiapo. Kwetu mzazi, yaani aliyetoka kujifungua, hulelewa na mama yake. Anakuja, anakufunga tumbo, anakulisha mpaka unaomba msamaha, na anakupaka siagi utosini inatiririka hadi masikioni. Mama alikuja mpaka nje ya ua wa nyumba yangu. Akapenyeza chungu cha siagi kwa jirani, akauliza, "Mtoto gani?" Akaambiwa wa kike. Akasema, "Mungu amkuze," akageuka na kurudi alikotoka. Nilikuwa kitandani, nimemsikia kwa masikio yangu. Nililia kuliko mtoto niliyemzaa. Aliyenipaka siagi ni Werkinesh, shangazi wa mume wangu, mwanamke mwema sana mwenye viganja kama magome ya mti.

Ndiyo maana, miaka minne baadaye, Lammiso alipokuja na habari zake za tangi, mimi nilimshika mkono kabla hajamaliza kusema.

Lammiso ni fundi, kijana wa hapahapa Sidama aliyesomea mjini Hawassa, mwembamba, anayechomeka suruali ndani ya soksi. Alisimama kwenye mkutano wa ushirika akaeleza kwamba tutajenga tangi kubwa chini ya ardhi, lililofunikwa lisiingie hewa hata kidogo. Humo ndani watakaa bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tutawalisha yale maji machafu. Wao watakula ule utamu na ute, na badala yake watatupa gesi ya kuwasha moto. Maji yatakayobaki yatapita kwenye mabwawa ya matete, na yakifika mtoni yatakuwa yameishiwa ukali.

Mwenyekiti wetu Hoteso, mtu wa tumbo na koti, akauliza, "Na hao wafanyakazi wako wasioonekana, nani anawalipa mshahara?"

"Wanalipwa chakula tu, mwenyekiti."

"Basi wametuzidi sote kwa unafuu. Wewe mwenyewe chakula unakula na mshahara unataka."

Watu wakacheka. Lakini wanawake walikuwa wameshaelewa zamani. Hapa kwetu hakuna nyumba isiyo na shimo la waasa, lile donge la shina la mgomba wetu usiozaa ndizi, tunalolifukia likachacha ndipo tuoke mkate, na kila mwanamke anajua kwamba mle shimoni kuna kitu hai kinachofanya kazi. Werkinesh akasema, "Kumbe ni ndugu wa wale wa shimoni. Jengeni." Na tangi likajengwa.

Tulilijaza kwanza kinyesi cha ng'ombe na maji, tukasubiri. Siku moto wa kwanza ulipowaka kwenye jiko la kibanda cha walinzi, wa bluu, mdogo, usio na moshi, nilisimama pale nikiutazama na kumuwaza mama. Nilijiambia, mwaka huu atakunywa.

Lammiso alipoondoka kwenda kutafuta mabomba aliniachia neno moja. Tangi lilishwe kidogokidogo. Kahawa ni chakula kigeni kwao, wakishindiliwa wataharibika. Nami nikawaambia wanawake wote, nikarudia, kisha nikapanda gari kwenda mjini kununua mkanda wa mashine.

Niliporudi nilisikia vigelegele kabla sijaona kitu. Nilijua mara moja kwamba nimekwisha.

Wakati mimi niko mjini, wanawake wa juu walikaa wakalitazama lile tangi. Waliona tumbo lililovimba limetokeza ardhini, lina joto ukiligusa, limefunikwa vizuri lisipigwe na upepo, na tayari limetoa kitu kipya duniani. Wakaamua ni mzazi. Na mzazi kwetu halishwi kidogokidogo. Kwa hiyo, wakiongozwa na Werkinesh, walimlisha. Walimwaga siagi, vyungu na vyungu, ile nzuri ya kuhifadhiwa na viungo. Wakamwaga maziwa. Wakamwaga maji ya asali. Halafu, kwa kuwa siku hiyo ndiyo kahawa ya kwanza ilikuwa imemenywa, wakamfungulia maji yote ya kuoshea ya siku nzima na maganda juu yake, eti mzazi asije akasema wakwe zake ni wachoyo.

"Danchile," shangazi akaniita, anang'aa kwa furaha na siagi mpaka viwiko, "njoo umwone alivyoshiba."

"Shangazi, nilisema nini mimi? Nilisema nini kabla sijaondoka?"

"Ulisema kidogokidogo. Tukakuonea huruma, tukajua ni yule kijana amekuambia. Mwanaume atajua nini habari za uzazi?"

Nilipiga kelele siku ile mpaka mbwa wa kiwanda wakaondoka. Niliwaita majina ambayo mke hamwiti shangazi wa mumewe, na baadaye ilibidi niende nikamwombe radhi kwa magoti. Lakini kelele hazitoi siagi tangini. Ule moto wa bluu ulififia, ukawa unapepesuka, kisha ukazimika kabisa. Lammiso aliporudi alichota uji wa tangi, akachovya karatasi yake ya kupimia uchachu. Ikawa nyekundu. Alikaa chini palepale na mabomba yake begani.

"Wamekufa?" nikamuuliza.

"Dada, humu ndani kuna makundi mawili. Kuna walafi, wanaokula sukari haraka na kuacha uchachu. Na kuna wapole, wanaokula ule uchachu na kutoa gesi. Walafi mmewafanyia harusi. Wapole wamezama kwenye uchachu wa wenzao. Na ile siagi imewafunika juu kama blanketi."

"Sasa?"

"Majivu mengi ya kupunguza uchachu. Lakini majivu peke yake hayatoshi, inatakiwa mbegu mpya. Na si ya kinyesi tena, hiyo itachukua muda mrefu na kahawa ndiyo hii inaingia."

Muda ndio hatukuwa nao. Kahawa mbivu haimsubiri mtu, ukiichelewesha inaoza gunia kwa gunia. Maji ya kuoshea tulikuwa tunayazuia kwenye bwawa la akiba, nalo lilikuwa linapanda kila jioni. Likijaa, hakuna njia ila kubomoa ule ukuta wa udongo tuliozibia mfereji wa zamani, na mto upokee kama ulivyopokea miaka yote. Hoteso alishaanza kuutazama ukuta kwa jicho la jembe.

"Mto umekunywa maji haya tangu baba zetu," akaniambia. "Msimu mmoja zaidi hautauua."

"Mto hautakufa, mwenyekiti. Mama yangu ndiye atakayekufa hajaonja kahawa ya mwanawe."

"Danchile, mama yako tunamheshimu. Lakini kahawa ni ya watu wote."

"Na mto je, ni wa nani?"

Nikamgeukia Lammiso, nikamwambia aseme hiyo mbegu inapatikana wapi, hata kama ni mwezini nitaifuata.

Akafikiri. "Ningepata mahali ambapo kahawa imekuwa ikioza chini ya maji miaka mingi," akasema. "Pasipo hewa. Tope jeusi, linuke, na lipandishe mapovu hata kama hakuna kinachotikisa maji. Hapo wapole wangekuwepo, tena wameshazoea kahawa, hawashtuki. Lakini sijui pahali kama hapo."

Mimi nilikuwa napajua. Lilikuwa dimbwi la chini ya nyumba ya mama, pale mto unapopinda na kupunguza mwendo, ambapo takataka zetu za miaka yote zilikwenda kutua. Nilioga hapo nilipokuwa msichana, maji yakiwa meupe. Sasa lilikuwa jeusi tii na linachemka mapovu mchana kutwa.

Tuliteremka asubuhi, mimi, Lammiso na mwenyekiti. Hoteso alivaa koti lake. Mama alikuwa mbele ya mlango wake akiparua shina la mgomba, na habari zilikuwa zimetutangulia, kwa maana wanawake wa kijiji kizima walikuwa wamekaa naye, kila mmoja na fimbo yake. Nilimsalimu kwa kuinama. Alizidi kuparua.

"Msimamizi amekuja," akawaambia wenzake. Hakusema mwanangu. Tangu ule mwaka wa kiapo alikuwa ananiita hivyo, msimamizi, na kila mara ni kama ananibana kidole mlangoni. "Msimamizi anataka nini kwetu?"

Nikamweleza. Nilieleza tangi, siagi, uchachu, wapole na walafi. Nilipofika kwenye tope, mwanamke mmoja mwenye mwanya akaangua kicheko mpaka akamwegemea jirani yake.

"Ngojeni niwaelewe," akasema. "Mmetumwagia uchafu miaka yote, hatukuwaomba. Sasa mmekuja na koti mnatuomba tuwarudishie?"

"Labda wamesahau kitu humo ndani," mwingine akadakia. "Mwenyekiti, ulidondosha pete?"

"Uchafu unawanukia vizuri siku hizi. Wameona tunafaidi peke yetu."

Hoteso akakohoa, akaanza hotuba yake ya umoja na maendeleo. Mama akainua kisu cha kuparulia, kidogo tu, na hotuba ikaisha.

Lammiso hakungoja ruhusa. Alikunja suruali, akaingia dimbwini hadi magotini, akakoroga tope kwa mguu huku ameinamisha chupa majini, mdomo chini, akikusanya mapovu. Akaiziba kwa kidole, akarudi nayo mbele ya wanawake. Akawasha kiberiti, akaondoa kidole. Moto ukatoka mdomoni mwa chupa, ukatambaa ukazimika. Vicheko vikakatika. Mama aliacha kuparua.

"Hebu rudia," akasema.

Akarudia. Mama aliutazama ule moto mpaka ukaisha, na mimi nikautazama uso wake. Ulikuwa umekunjamana kuliko nilivyoukumbuka. Nilitaka kumkumbatia nikaogopa.

"Kwa hiyo uchafu wenu umekaa mlangoni kwangu mpaka umepata akili," akasema polepole. "Na hao wadudu wenye hekima, wamelelewa na sisi. Kwa pua zetu. Kwa ngozi za watoto wetu."

"Ndiyo, mama," Lammiso akajibu. "Hakuna wengine kama hawa milimani kote huku, nionavyo mimi."

Mwanamke mwenye mwanya akasema, "Wasipewe. Waende wakatafute uchafu mwingine."

Mama akasimama kwa kuegemea fimbo. Nikajua ndiyo hukumu.

"Watapewa," akasema. "Lakini hatuwapelekei, wala punda wetu hawatawapelekea. Waliouteremsha wataupandisha. Kwa migongo yao. Na si wake zao, maana nawajua. Wanaume wanaokaa kwenye viti vya ushirika, nataka niwaone hapa na vyungu mgongoni. Nikimkosa hata mmoja, hamchoti hata kiganja."

"Mama Adanech," Hoteso akamwita mama kwa jina lake, kwa unyenyekevu, "mimi nina kiuno."

"Sisi tuna mto, mwenyekiti."

Sitaisahau siku ile. Huku kwetu chungu kinabebwa na mwanamke, mgongoni, kwa kamba inayopita kifuani. Mwanaume akionekana nacho watoto wanamfuata njia nzima. Siku hiyo wanaume wa ushirika walipanda mlima foleni, vyungu vya tope jeusi migongoni, na watoto wa vijiji viwili wakawafuata wakiimba. Wanawake wa chini walijipanga njiani kama wako harusini. Wakawafundisha jinsi ya kukaza kamba, wakawauliza kama watoto wamelala, wakawasifu kwa mwendo mzuri. Hoteso alikuwa amevaa koti bado. Chungu chake kilikuwa na ufa, tope likamshuka mgongoni hadi kwenye viatu, na alipofika nusu ya njia alianza kucheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyeshindwa, na kuanzia hapo nilimpenda. Mama alisimama ukingoni akiwaelekeza kwa fimbo pa kuchota. "Hapo zaidi. Hapo ndipo alipozama ng'ombe wangu mwekundu. Chimba hapo."

Nami nilibeba. Nilipopita mbele yake na chungu changu alinikaza kamba begani. Vidole vyake vilikaa begani pangu muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

Tuliondoa ukoko wa siagi, tukamwaga majivu ya kila jiko la kijiji, tukamwaga tope, tukafunika. Halafu tukawa hatuna kazi ila kusubiri. Jambo la kusubiri mimi siliwezi. Nilikuwa nazunguka lile tangi hadi Lammiso akaniomba niende nikae mbali, eti nawatia wasiwasi bakteria.

Siku moja nikamkuta Werkinesh anakuja na kitu kimefichwa chini ya shuka.

"Shangazi, hicho ni nini?"

"Kidogo tu. Amepoteza nguvu huyu mzazi."

Nikamshika mikono yote miwili, nikamketisha. "Shangazi yangu, sikiliza. Tulikosea. Huyu si mzazi. Huyu ni mtoto mchanga."

Akanitazama, akalitazama tangi. Nikaona jambo linaingia kichwani mwake na kutafuta pa kukaa. "Hata mtoto mchanga," akasema, "tulimpaka siagi ulimini."

"Ulimini, shangazi. Ulimtumbukiza kwenye debe?"

Kisha akarudi nyumbani na siagi yake, na kesho yake alikuja na kigoda, akakaa kando ya jiko la kibandani. Tangu hapo hakuna aliyelikaribia tangi bila idhini yake. Mtu akija na ndoo anamwambia, "Mtoto amelala." Kila mara alikuwa anafungua bomba, anawasha kiberiti, anangoja, anafunga.

Bwawa la akiba likafika ukingoni. Na wingu likatanda upande wa kusini, zito, la mvua isiyo ya msimu wake. Mvua ikinyesha bwawa lingefurika lenyewe. Hoteso akaja na vijana na majembe, na safari hii hakuwa na ubishi usoni. Alikuwa na huzuni.

"Danchile, tumejaribu. Mungu ameona. Likipasuka lenyewe litabomoa na vitanda vya kuanikia kahawa. Nafungua."

Sikuwa na hoja. Nilikuwa na hasira tu na mwili wangu. Nikaingia mferejini, nikaketi kwenye udongo mkavu chini ya ule ukuta, nikakunja miguu.

"Fungua," nikamwambia. "Yatanikuta hapa, yanibebe mpaka kwa mama. Angalau nitafika."

"Ondoka hapo, mwanamke."

"Siondoki. Mmebeba tope juu ya mlima mzima ili mtoto huyu aishi, na sasa mnamnyima muda wa kupumua. Mvua ikianza nitaondoka. Kabla ya hapo, piga jembe kichwani kwangu."

Vijana wakatazamana. Hoteso akaegemea jembe, akavuta pumzi. Tone moja likanidondokea mkononi, kubwa. Nikalitazama. Likaja la pili. Nilijua nimesema maneno na sasa nitalazimika kuyafuata. Machozi yakanijaa.

Ndipo tukamsikia Werkinesh. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anapiga vigelegele, vile vya mtoto akizaliwa, virefu, na sauti yake ya uzee inakatikakatika. Alitoka kibandani shuka yake imeungua pindo na nyusi zake hazipo. Nyuma yake, kwenye jiko alilosahau kulifunga, moto ulikuwa umesimama wima, wa bluu, mnene, unanguruma.

"Mtoto ameamka," akasema. "Ana njaa."

Lammiso alipita mbio hata sikumwona uso. Akachota, akachovya karatasi yake. Haikugeuka nyekundu. Alinyanyua mikono yote miwili, akaanza kucheza peke yake kwenye matope, vibaya sana, kijana wa watu hajui kucheza. Mvua haikufika mbali. Ilinyesha kidogo ikahamia milima mingine, na jioni hiyohiyo tulimlisha mtoto kibuyu cha kwanza kutoka bwawani, Werkinesh akipima kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake vikawa vibuyu. Halafu ndoo. Kabla msimu haujafika katikati, lile tangi lilikuwa linakula maji yote ya siku na kuomba mengine. Bwawa likashuka. Ukuta wa mferejini ukaota majani. Kiwanda kikapika chai ya wafanyakazi na kukausha kahawa ya siku za ukungu kwa moto uliotokana na takataka zilezile, na Hoteso akawa anawatembeza wageni na kuwaonyesha alama ya tope kwenye koti, ambayo alimkataza mkewe kuifua.

Mama alikuja msimu ulipokwisha. Hakutuma habari. Meselech ndiye aliyekuja mbio kuniambia kuna bibi anatembea ndani ya mto. Nikatoka. Alikuwa anapanda kwa kufuata maji, hatua kwa hatua, miguu peku, gauni kalishika mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, na wanawake wa chini wanamfuata kwenye ukingo. Alikuwa anapima. Kila penye kina alisimama, akainama, akanusa. Maji yalikuwa yanaonyesha kokoto za chini na vidole vyake vya miguu.

Alipita mabwawa ya matete. Alifika pale maji ya kiwanda yanapoungana na mto, chini yake kidogo, akajaza kibuyu. Akakiinua, akanywa. Akakaa na yale maji mdomoni kwanza, kama mwonjaji wa kahawa, kisha akameza.

"Yana ladha ya mawe," akasema. "Kama zamani."

Akanikabidhi kibuyu na maji yaliyobaki. "Haya, nipikie kahawa. Nimetembea."

Nilipika kwa maji yale, kwenye moto ule wa bluu. Niliunguza punje za kwanza, ikabidi nianze upya. Mama aliingia nyumbani kwangu, akakaa kwenye kigoda kana kwamba aliondoka jana, akamweka Meselech magotini, akamkagua masikio na meno. Nikatia chumvi kidogo, kama tunavyokunywa kahawa kwetu, nikammiminia. Akaonja, akafumba macho.

"Chumvi imezidi," akasema. "Lakini nitamaliza."

Alikunywa kikombe cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kisha akafungua kanga yake kiunoni, akatoa chungu kidogo. Werkinesh akainuka nusu, macho yamemtoka.

"Tulia, dada," mama akamwambia. "Hii si ya tangi." Akanivuta nikae chini mbele ya magoti yake, kama nilivyokuwa nikikaa nikiwa mdogo. Akachota siagi, akaniweka utosini, akaanza kuisugua taratibu hadi ikayeyuka na kunishuka masikioni.

"Ni ya uzazi wa Meselech," akasema. "Nilichelewa njiani, mwanangu."